Gari Bovu na Kibuyu cha Wabebaji

Mama yangu alipoliona gari letu la mashindano kwa mara ya kwanza, alilizunguka taratibu, akaligonga bodi kwa kidole, kisha akasema, "Mmenunua mgonjwa." Jina likashika hapo hapo. Tangu siku ile hakuna mtu pale nyumbani Murukulazo aliyeliita gari. Lilikuwa Mgonjwa.

Hakukosea. Lilikuwa gari dogo jeupe lililozeekea kwenye kazi ya mchomoko, kusomba abiria kati ya Rusumo na Benako, watatu mbele na sijui wangapi nyuma, pamoja na kuku wao. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Mimi ni wakala wa forodha pale mpakani Rusumo, na kila siku nililiona likipita mbele ya ofisi yetu likikohoa. Mwenyewe alipotangaza kwamba analiuza kwa watu wa vyuma chakavu, nikawawahi. Subira sikujaliwa. Nikitaka jambo nalitaka leo.

Wazo lilitoka kwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, mkulima wa mahindi kule Nyantakara, wilaya ya Biharamulo. Alinipigia simu kuniambia kwamba wauza vipuri wa huko wameandaa mashindano ya kiangazi, watu wakishamaliza kuvuna. Magari makuukuu, yale ambayo yakifa hakuna wa kuyalilia, yangezunguka barabara za mashambani tangu asubuhi mpaka jua lizame. Mwendo kasi haukuwa na maana sana. Gari litakalokuwa limemaliza mizunguko mingi zaidi ndilo litakaloshinda, na zawadi ni dume la ng'ombe. Kila timu iwe na madereva watatu wa kupokezana, na gari likitoka nje ya njia kwa sababu yoyote ile, limejitoa.

"Shemeji," akaniambia, "haya ni mashindano ya wakaidi. Nikakukumbuka wewe."

Dereva wa tatu alikuwa jirani yetu, fundi baiskeli aliyejifunza magari kwa kubomoa ya watu. Jumapili huimba sauti ya nne kwaya ya parokiani, na siku nyingine zote huongea kwa sauti hiyo hiyo. Hilo dume la ng'ombe alikuwa ameshaligawa kichwani mwake, paja kwa nani, shingo kwa nani, kabla hata hatujabadilisha plagi.

Mimi dume sikulitaka. Nilitaka baba yangu arudi kwenye usukani.

Baba aliendesha malori tangu kabla sijazaliwa. Alipoacha safari ndefu, akawa anaendesha kilori cha mfanyabiashara mmoja wa ndizi hapo kijijini. Siku moja ya masika breki zikamkatalia kwenye mteremko wa kutoka kwetu kwenda bondeni, kilori kikaingia korongoni. Nashukuru alikuwa peke yake. Mguu wa kushoto ulivunjika vibaya, daraja la bondeni lilikuwa limekwenda na maji, na hakuna gari ambalo lingeweza kutufikia. Wanaume wa kilimani wakaja na ingobyi.

Ingobyi ni machela yetu ya kusukwa, hubebwa mabegani. Kila nyumba ina zamu yake, na wabebaji hupokezana wakiwa wanatembea. Anayeingia huweka bega kabla anayetoka hajatoa lake, na ingobyi haitui chini mpaka mlangoni mwa zahanati. Sisi wanawake hutembea nyuma na matandiko. Siku ile nilikuwa pembeni nikimshikia baba mwavuli usoni, naye njia nzima anawaomba radhi kwa uzito wake. Mbebaji mmoja akamwambia, "Nyamaza mzee, mzito ni aliyekufa." Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Aliyebebwa akipona, watu wake hupika pombe ya ndizi ya kushukuru, na kibuyu kimoja hutengwa cha wabebaji. Asiyewahi kuweka bega hakigusi. Hapo ndipo baba yangu alipoumia kuliko alivyoumia korongoni. Ujana wake wote ulikuwa barabarani, zamu zake walizibeba wadogo zake. Sasa yupo nyumbani, mguu umekakamaa kama mti wa jembe, na bega lake halifai kitu kwenye mlima wetu. Pombe ikipikwa kwa jirani, alikaa mbali na duara. Kibuyu kikielekea upande wake aliondoka kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa wamefanya lolote.

"Nimebebwa," aliniambia mara moja tu, "na mimi sijabeba mtu."

Na usukani hakuugusa tena. Mama alimtania kwamba Mgonjwa ni la otomatiki, halina klachi, sasa huo mguu wa kushoto una kazi gani humo? Baba akajibu kwamba haendeshi, na kwamba chai imepoa. Alikubali kazi moja tu katika timu, ya kusikiliza. Tukiwasha injini alikuja na fimbo yake, akaweka kiganja juu ya paa, akainamisha kichwa.

"Sikiriza hapo," alikuwa akisema. "Inapumua juu juu."

Tulihangaika na pumzi hizo wiki kadhaa, kila jioni baada ya kazi. Tangi la mafuta lilivuja, jirani akaliziba kwa sabuni ya mche. Viti vya nyuma tuliving'oa gari liwe jepesi. Mama akavichukua akaviweka barazani, na mpaka leo wageni wetu hukalia hivyo. Kilichotushinda ni kupokezana. Shemeji alipokuja kufanya mazoezi, kumtoa kwenye kiti na kuniingiza mimi ilikuwa shughuli ya harusi: mkanda, kofia, mlango wa kamba, samahani shemeji, pita wewe kwanza shemeji. Baba akavumilia weee, mwisho akapiga fimbo chini.

"Ninyi hamjaona ingobyi inavyokwenda? Anayeingia anashika kabla anayetoka hajaachia."

Basi akatufundisha. Anayeingia apite mlango wa kushoto, akae, anyooshe mkono aushike usukani. Hapo ndipo mwenzake atoke kulia. Tulirudia uani mpaka mbuzi wakazoea. Baba alisimama dirishani kwa dereva akihakikisha kwamba usukani haukai hata kidogo bila mkono. Nilimwangalia nikajua anaikumbuka siku ile ya korongoni, na nikafurahi kwamba angalau anaikumbuka kwa sauti.

Siku ya mashindano Nyantakara ilikuwa kavu, magunia ya mahindi bado yamepangwa kwenye nyumba za watu. Magari yalikuwa kama kumi hivi, na kusema kweli Mgonjwa halikuwa baya kuliko yote. Lilikuwepo moja lililoendeshwa bila boneti. Bendera ikashuka, vumbi jekundu likapanda, na tangu hapo hatukuuona mwisho wa barabara mpaka mchana. Dada yangu alitupikia ugali wa muhogo na sato wa mchuzi, tukawa tunakula kwa zamu tumesimama. Magari yakaanza kufa moja baada ya jingine. Moja lilichemsha, jingine gurudumu lilimpita dereva wake. La kwetu lilikohoa tu likaendelea, na alasiri ilipofika tulikuwa wa pili, tukimkaribia wa kwanza. Jirani alitoka kwenye zamu yake akiwa mwekundu mwili mzima, meno tu ndiyo meupe, akaanza kuimba.

Shemeji alikuwa amekwenda kuswali. Zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshakaa, mkono kwenye usukani, injini inaunguruma, baba yuko dirishani na kiganja chake juu ya paa, niliposikia mtu akiita.

Nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja muuza mahindi ya kuchemsha. Asubuhi nilikuwa nimenunua kwake, akanitania kwamba nina mikono ya ofisini. Sasa alikuwa amekaa chini karibu na sufuria yake, ameshika kifua, na pumzi yake inatoka kwa mluzi. Binti yake alikuwa anatikisa kopo la dawa ya pumu lililokwisha. Vumbi lile lilikuwa letu, la magari yetu. Gari la dharura, pikapu moja ya wasimamizi, lilikuwa limekwenda upande wa pili kuvuta gari lililokwama.

Msimamizi akasema lisubiriwe. Watu wakaanza kubishana. Na mimi, ambaye nikitaka jambo nalitaka leo, nilikaa nimeganda, macho yangu kwenye vumbi la gari la kwanza lililokuwa likipita.

Mkono wa baba ukaingia dirishani, ukaushika usukani juu ya mkono wangu.

"Shuka, mama," akaniambia. Ndivyo anavyoniita tangu utoto, kwa heshima ya mama yake. "Kaa nyuma umshike huyo. Akae wima, asilale."

Nilitoka, akaingia, akauvuta mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili kama mzigo, akafunga kamba ya mlango. Jirani na wengine walimpandisha yule mama na binti yake. Viti havikuwepo, nikakaa sakafuni mgongo kwenye bodi, nikamweka mama yule mbele yangu, mgongo wake kifuani kwangu. Jirani alitazama njia ya mashindano, akatazama dume lililofungwa pale mwembeni, akatuashiria kwa mkono twende. Mungu ambariki.

Mgonjwa likatoka nje ya njia.

Baba hakukimbia. Sijawahi kuendeshwa namna ile. Kila shimo alilikwepa kabla sijaliona, na pale asipoweza kulikwepa aliliingia polepole, gurudumu moja, kisha la pili. Nilikuwa naona kisogo chake na mikono yake. Vidole vilikuwa vimeukaza usukani, na havikuuachia mpaka tunafika. Nami nilikuwa nikimwambia yule mama apumue nami, taratibu, moja, tena, huku nikipumua kwa ajili ya baba vilevile.

Kituo cha afya hakikuwa mbali, lakini mwenye pumu hapimi njia kwa kilomita. Muuguzi alitoka na kiti cha magurudumu, wakamwingiza, wakamvisha kinyago cha dawa. Baba alibaki kwenye gari, injini inaunguruma. Aliizima baada ya yule mama kuvuka mlango. Kisha akaweka paji la uso juu ya usukani, na mimi nikamwacha, nikaenda nikasimama kivulini nikamshukuru Mungu kwa sauti, bila aibu, hata watu waliokuwa foleni wakaitikia amina.

Yule mama alipata nafuu kabla ya jua kuzama. Alipoweza kuongea aliuliza ni nani anayeangalia sufuria yake.

Tuliporudi, msimamizi alitueleza kwa upole kwamba kanuni ni kanuni. Tulijua, na hatukubishana. Shemeji, ambaye alikuwa ametoka kuswali akakuta timu yake haipo, alisema hajawahi kusikia mgonjwa anayembeba mgonjwa mwenzake. Dume likaenda kwa wengine. Jirani aliliaga kwa kulipiga piga shingoni.

Kesho yake baba alitupa fimbo nyuma akaendesha mwenyewe mpaka Murukulazo. Kwenye mteremko wetu alipunguza mwendo, akaupanda hadi juu. Mama alikuwa barazani kwenye viti vya Mgonjwa. Alipoona ni nani anayeshuka mlango wa kulia, aliinuka, akakaa tena, akasema chai ipo moto.

Shemeji hawezi kutunza neno. Jumapili baada ya misa niliona wanaume wa ingobyi wanapanda njia ya kwetu, wote, wamevaa nguo za kanisani, na mmoja amebeba kibuyu. Vijana walimwamkia baba shikamoo, akaitikia marahaba huku anatafuta kwa macho mbuzi wa kwenda kuwaangalia. Mkubwa wao, yule yule aliyemwambia anyamaze siku ile ya mvua, akamzuia.

"Kaa hapo," akamwambia. "Tumesikia haikutua chini mpaka mlangoni."

Wakampa kibuyu, cha kwanza kabla yao wote. Baba alichungulia ndani muda mrefu, kama mtu anayepima oili. Kisha akavuta mrija. Nilimwona koo linapanda na kushuka, na machozi yakanitoka mimi, si yeye.

Alitakiwa kukirudisha kwa mkubwa wao. Badala yake aligeuka upande wangu, nilipokuwa nimesimama mlangoni pamoja na mama, akaninyooshea. Kijana mmoja akakohoa. Mkubwa akamtazama baba.

"Huyu alimshika mgonjwa njia nzima," baba akasema. "Na mwavuli wangu ule alishika yeye."

Mkubwa alifikiri, akasogeza kiti chake, akanipa nafasi kwenye duara. Nikaketi, nikanyoosha mikono kukipokea. Baba hakukiachia mpaka yote miwili ilipokuwa imekishika.