Safari ya Mariakani na Msuli wa Athumani

Sisi tuliokulia Changamwe kabla bendera haijageuzwa, adui yetu mkubwa hakuwa Mzungu. Mzungu alikuwa na saa zake. Jioni ikifika alikwenda kunywa chai. Adui yetu alikuwa msuli. Huo haukujua jioni wala Jumapili. Wenzangu mliopanda baiskeli za wakubwa kabla miguu haijafika kwenye pedeli mwaujua: uko njiani waimba, mara shavu la mguu lajikunja kama ngumi, vidole vyageuka vyakutazama, na wewe na baiskeli yote mwalala mtaroni, waita mama.

Na zile baiskeli zenyewe zilikuwa baiskeli! Nyeusi, nzito kama mlango wa msikiti. Mtoto hakukaa kitini. Kiti kilikuwa cha baba za watu. Tulipenyeza mguu chini ya fremu, kiuno kimepinda kama ndoana, tukapiga pedeli nusu nusu, kengele ikilia yenyewe kwa mashimo. Tukiteremka Kipevu kuogelea twaruka majini na vumbi letu lote, tukitoka twala viazi vya karai na pilipili ya ukwaju mpaka kamasi zatutoka. Hapo tupande kilima kurudi nyumbani, tumbo limejaa, miguu imelowa. Ndipo msuli ulipotungojea. Ukimshika mmoja, mwengine avuta kidole gumba cha mguu, mwengine akaa juu ya paja, na aliyebaki acheka. Mimi nilikuwa wa kushikwa kila mara. Mtaa mzima wa landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, ulinijua: Kassim wa msuli.

Sasa kakangu Bakari alipopata kazi Tanga, aliacha baiskeli yake. Baba akaitundika darini kwa kamba, na mimi nikawa nalala chali nikiitazama magurudumu. Usingizi nikiupata nikiukosa, ndiyo niliyoiota. Lakini ami yangu alikuwa na mtoto wake, Athumani Mwinyi. Naliandika jina lake kamili ili wajukuu zake walisome. Athumani naye akaitaka. Akaja mbele ya baba, kanzu safi, sauti ya asali: "Shikamoo ami. Naona Kassim miguu yake haimwezi. Hiyo baiskeli itamwua bure."

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Akaniita.

"Kassim!"

"Naam baba."

"Jumamosi utakwenda Mariakani kwa shangazi yako, uniletee chupa ya samli. Uende na urudi kwa miguu yako na baiskeli. Ukipanda lori, ukibebwa, ukirudi na mtu amekushika mkono, baiskeli ni ya Athumani. Athumani atakufuata, awe shahidi."

Mariakani! Sisi Mazeras tu twaiona kama Uingereza. Mama akapiga kofi paja: "Baba Bakari, wataka kunizikia mtoto?" Baba akavuta kikoi chake akatoka.

Siku zile nne tano kabla ya Jumamosi sikuwa mtoto tena, nilikuwa mgonjwa wa mtaa. Kila mtu alikuwa na dawa ya kuzuia msuli. Bi Zainabu wa nyumba ya pili, huyu naye namtaja, alinikanda miguu kwa mafuta ya simsim ya moto mpaka nikanuka kama sambusa; paka wakawa wanifuata. Kisha akanifunga ukindu chini ya magoti, akaukaza hata damu ikasahau njia. "Msuli hauvuki hapa," akasema. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaniandikia kombe, aya kwa zafarani sahanini, akaiosha kwa maji, nikanywa. Fundi Saidi wa baiskeli akashusha kiti mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, ukinyoosha vidole kama mcheza ngoma kuitafuta pedeli, msuli utakukaza. Kanyaga kwa unyayo. Na ukiona mlima shuka, sukuma. Baiskeli haina haya, we waona haya ya nini?" Hayo ndiyo maneno ya maana niliyopewa, na ndiyo nisiyoyasikiliza, kwa sababu hayakuwa na harufu.

Usiku wa Ijumaa kuamkia safari akaja Athumani, mpole kama njiwa, na chupa ya soda imezibwa kwa gunzi.

"Kassim, sisi ni damu moja. Wale wachezaji wakubwa wa mpira wajua wanywa nini kabla ya mechi wasikazwe? Maji ya chumvi. Nimekutengenezea, na ndimu ndani. Ni machungu kidogo. Uchungu ndiyo dawa."

Nikamkumbatia, wallahi. Nikamkumbatia yule nyoka.

Tukaondoka baada ya swala ya alfajiri, mimi juu ya baiskeli ya Bakari, yeye juu ya baiskeli ya kukodi. Raha ya asubuhi ile siwezi kuieleza. Umande, moshi wa mahamri, gari la moshi latupita Miritini na abiria wapunga mikono wakipiga kelele "Uhuru!" maana mwaka ule hata kuku akitaga watu walisema uhuru. Nasi tukajibu "Uhuru!" tukaachilia usukani. Nikaona nimeanza kuchoka, nikakumbuka dawa. Nikaizibua chupa, nikainywa yote, nikafuta mdomo kama mwanamume.

Ndugu zangu, haikuwa chumvi ya jikoni. Ilikuwa haluli, ile chumvi ya dawa waliyotunywesha bibi zetu likizo ikiisha ili matumbo yasafishwe. Bibi yake Athumani aliiweka katika kopo chini ya kitanda.

Kwanza tumbo liliuliza swali. Kisha likajijibu lenyewe. Niliitupa baiskeli ya Bakari, kipenzi cha moyo wangu, kama ganda la ndizi, nikaingia kichakani. Nikatoka. Nikapanda. Nikapiga pedeli mara chache, nikarudi kichakani kingine. Athumani alikuwa amekaa juu ya jiwe, machozi yamtoka kwa kucheka. "Vipi, Kassim, wakagua shamba?" Hadi Mazeras vichaka vyote vya upande wa kushoto vilikuwa vyanijua kwa jina. Lakini sikilizeni ajabu: kwa sababu ya kushuka kila hatua, sikuupanda mlima hata mmoja juu ya kiti. Niliisukuma baiskeli milima yote, nikipumzika kwa lazima. Na msuli? Haukunigusa. Ulikuja, ukaona mambo yangu, ukanihurumia.

Shangazi Mwanasha alipoona nilivyofika, macho yamezama, alijua bila kuambiwa. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya sokoni. "Nani kamfanyia hivi mtoto wa ndugu yangu?" Athumani akatazama kuku. Shangazi akanilaza mkekani, akanipa maji ya mchele yenye chumvi, kikombe baada ya kikombe, kidogo kidogo, kama ndege. Sikuruhusiwa kula. Kwa hivyo wali wa nazi uliopikwa kwa ajili yangu, mbaazi zangu, na kipande changu cha kuku, vyote Athumani alivila. Alikula vyake, akala vyangu, akalamba sinia. Maji hakunywa; alisema maji yajaza tumbo bure.

Jua likapinda, tukaaga, samli imefungwa kwa kitambaa kwenye usukani. Na mimi nilikuwa mwepesi! Tumboni hamna kitu, miguuni mna maji ya mchele, njia yateremka kuelekea baharini, upepo waja usoni na harufu ya chumvi. Niliimba. Niliimba kila kitu nilichokijua, hata jedwali la mara saba. Nyuma yangu Athumani alikuwa amenyamaza, na Athumani akinyamaza kuna jambo.

Tulipokuwa twaukaribia mteremko wa Mazeras nikasikia "Yarabi!" Nikageuka. Shahidi wangu alikuwa chini, baiskeli juu yake, miguu yote miwili imekaza kama mbao za jahazi. Si mmoja, miwili! Nikamvuta vidole, nikamkalia mapaja, nikamkanda. Msuli ukiachia huku washika huku. Alilia kama mtoto wa tohara.

Lori la makaa likasimama. Dereva akachungulia. "Watoto wa nani nyinyi? Haya, pandeni nyote na baiskeli zenu, nawafikisha Changamwe."

Athumani akanitazama. Hata katika ule uchungu, jicho lake lilikuwa laniuliza: wapanda? Nikipanda, baiskeli yake. Nikimpandisha yeye peke yake, atafika mbele yangu, na yule mwenye sauti ya asali atasema anavyotaka. Nani atanisadiki mimi, Kassim wa msuli?

"Chukua baiskeli yake tu," nikamwambia dereva, "uiache kwa Fundi Saidi. Huyu nampakia mimi."

"Wewe? Wampakia huyu bonge?"

"Ndiyo, ami."

Dereva akacheka mpaka akakohoa, akairusha baiskeli juu ya makaa, akaondoka. Nami nikamketisha Athumani kwenye keria, kile chuma cha kupakilia nyuma ya kiti, miguu yake nimeifunga kwa ule ukindu wa Bi Zainabu isije ikaingia kwenye spoki. Penye mlima nilishuka nikamsukuma kama gunia. Penye mteremko tulipaa, yeye akisoma shahada kwa sauti, maana breki ilikuwa moja, nayo ilikuwa na maoni yake.

Kumbe lori limetutangulia, na dereva kaiacha baiskeli mlangoni kwa Fundi Saidi bila kusema neno, ana haraka zake. Baiskeli imefika, mwenyewe hayupo, imejaa masizi. Habari ikapita mtaani kwa kasi kuliko moto. Tulipotokea, ua wetu ulikuwa umejaa, wanawake wamejifunika leso, Bi Zainabu amekwisha anza kulia kwa mpangilio, na mtu kashaulizia sanda. Mama alipotuona alipiga kigelegele, kisha akavua kiatu akatupiga sote wawili kwa furaha.

Baba akanyanyua mkono. Hakunitazama mimi.

"Shahidi. Sema. Kassim kapanda lori?"

Athumani, kakaa keria, hawezi hata kushuka, akatazama watu, akachungulia mlangoni, darini palipobaki kamba tupu. Ile asali nikaiona yamjia mdomoni. Kisha shavu la mguu likamvuta, akauma mdomo, akasema, "Hakupanda, ami. Mimi ndiye niliyempanda yeye. Toka Mazeras."

Watu waliangua kicheko mpaka waliokuja kwenye msiba wakashika mbavu. Baba naye, mtu yule, akacheka. "Baiskeli yako," akaniambia. "Lakini huyu umekwisha mzoea. Skuli utakwenda naye."

Na ikawa hivyo. Kila asubuhi Athumani keria, mimi pedeli, ananikosoa njia nzima. Baba alipoumia mgongo nikatolewa skuli nikafanye kibarua, na bado nilimpeleka Athumani mpaka getini. Yeye akaingia, mimi nikageuza usukani. Leo yeye ana ofisi na kiyoyozi, mimi nina vigimbi vya miguu hivi. Nimemsamehe? Haluli sijaisamehe. Lakini uzito wake mgongoni, na lile domo lake lisilokoma, wallahi navitamani.

Vijana wa leo kutoka Chaani mpaka Magongo wangoja gari. Mwanangu wa mwisho amenunuliwa baiskeli nyepesi kama karatasi, ina gia, ina chupa ya maji ubavuni, na ana suruali ya kubana ya kuzuia msuli. Juzi nilimwona atoka peke yake, na mtoto wa jirani amesimama mlangoni amtazama.

"Mpakie mwenzako," nikamwambia.

"Baba, hii haina keria."

Nikainama nikaitazama nyuma. Kweli. Haina.