Sinia la Vifungo

Mume wangu anapiga tarumbeta vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na alikuwa mwalimu mbovu kuliko wote waliowahi kushika chaki. Nasema hivyo kwa upendo. Miaka ishirini na miwili aliitumikia bendi ya matarumbeta, kwenye harusi, mazishi, gwaride na ufunguzi wa maduka, hadi siku daktari wa meno alipomtikisa jino la mbele na kumwambia kwamba hilo limebakiza miaka mitatu, minne likibembelezwa. Bila meno ya mbele tarumbeta haipigiki. Akiwa na miaka arobaini na sita, akaenda kusoma shahada ya uzamili inayochanganya mambo mawili: kupiga ala jukwaani na kuwafundisha wengine kuipiga. Jino likiondoka, alisema, kufundisha kutabaki.

Kupiga hakukumsumbua. Kufundisha ndiko kulikomvua nguo. Profesa wa ufundishaji, mama mfupi ambaye wanafunzi humwita Saa ya Ukutani, hukaa nyuma ya chumba na saa mbili za kupimia mbio, moja ya mwanafunzi, nyingine ya mwalimu. Somo la mtihani lilikuwa la dakika thelathini. Lilipokwisha akasoma alichoandika: mwanafunzi alipiga dakika mbili, mwalimu dakika kumi na tisa. Dakika zilizobaki mwalimu alisimulia habari za gwaride.

"Mwanafunzi alikuwa anakosea, Profesa," mume wangu akajitetea. "Ikabidi nimwonyeshe."

"Ulimwonyesha kwamba wewe unajua. Hilo alilijua kabla hajaingia."

Akafeli. Alipewa wiki nane na nafasi moja tu ya kurudia. Akishindwa tena, anaondolewa kwenye masomo. Sharti lilikuwa alete mtu mzima ambaye hajawahi kugusa tarumbeta, amfundishe tangu mwanzo, kisha amfundishe kipande kipya mbele ya Profesa. Kaka yangu alikubali, akaingia mitini baada ya somo la kwanza. Jirani yetu fundi bomba alivumilia mawili. Mwisho mume wangu akanitazama kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu enzi za uchumba.

Mimi ni fundi cherehani. Nimewafundisha wasichana tisa kukata nguo, na kanuni yangu ni moja: mkasi ukishaingia mkononi mwa mwanafunzi haurudi kwangu, hata kama anaharibu. Nikadhani mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na tisa angekuwa amejifunza angalau hilo.

Somo la kwanza lilifanyika katika chumba changu cha kushonea. Nikavuta pumzi, nikapuliza. Sauti iliyotoka niliionea haya mwenyewe. Mteja aliyekuwa anajaribu gauni nyuma ya pazia akauliza kama kuna mtu ameumia. Kabla sijavuta pumzi ya pili, tarumbeta haikuwa tena mikononi mwangu.

"Lete nikuonyeshe, mke wangu. Ni hivi tu."

Akapiga. Alipiga vizuri mno, macho kayafumba. Nikamaliza kupinda gauni la mteja, nikashona na ukosi wa shati la mtu mwingine, yeye bado ananionyesha.

Somo la pili lilikuwa vilevile. La tatu likanipandisha hasira.

"Baba Watoto, anayefundishwa hapa ni nani?"

"Wewe. Lakini ulikuwa unakosea."

"Niache nikosee!"

Nikachukua sinia langu la vifungo, zaidi ya mia nne, vyote nimevipanga kwa rangi na ukubwa, nikambebesha kwa viganja viwili. Nikamwambia asimame hapo. Kikidondoka kimoja, atavipanga vyote upya. Siku hiyo alivimwaga mara tatu, kila mara mkono wenyewe ulipoikimbilia tarumbeta, na mara tatu akapiga magoti kutenganisha vifungo vya koti na vya shati huku akilalamika kwamba yeye ni mwanafunzi wa chuo kikuu.

Alijikaza kisabuni. Wiki ya tatu akawa anasema neno moja tu, "Tena." Wiki ya tano nikakosea, akaniuliza, "Umesikia nini?"

Nilishtuka. Tangu tuoane, yeye ndiye aliyekuwa akiniambia nimesikia nini.

"Nimesikia nimebana koo," nikasema.

"Basi?"

"Basi nisibane."

Sauti ikatoka safi. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa na sinia.

Siku ya mtihani hakuna sinia. Profesa akanipa kipande cha mistari miwili. Mstari wa pili una sauti moja ya juu, na kila nikiifikia inaporomoka. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mikono ya mume wangu ikanyanyuka hadi kifuani, viganja juu, ikabaki pale imebeba hewa. Profesa akaitazama, akaandika kitu.

"Umesikia nini?" mume wangu akauliza.

"Sijui," nikamjibu, na ndiyo ilikuwa kweli.

Jibu hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Nilijua nimemponza. Yeye dawa anayo, ulimi unamwasha, na mtu angeweza kuona jasho likimtiririka shingoni.

"Sawa. Tafuta tu. Nipo."

Nikaimba ile sauti kwa mdomo, polepole, ndipo nikajigundua: napandisha mabega, kama ninayechungulia juu ya ukuta. Nikayashusha, nikapiga. Haikuwa nzuri, lakini ilikuwa yenyewe.

"Mwanafunzi, dakika kumi na saba," Profesa akasoma. "Mwalimu, sifuri. Umefaulu. Na hiyo mikono ni ya nini?"

"Ni mbinu ya kisasa, Profesa," nikasema haraka.

Tulipotoka kwenye chumba cha mtihani, mume wangu aliipangusa tarumbeta, akaifunga kwenye sanduku lake. Akanishukuru sana, akasema sasa niko huru, hatanisumbua tena.

"Kipindi chetu kijacho ni lini?" nikamwuliza.

Akacheka, akidhani namtania.

"Nakuuliza kweli. Ile sauti ya juu bado inaniponyoka. Alhamisi una nafasi?"

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwuliza hivyo, hata mmoja. Yeye mwenye maelezo ya kila kitu duniani aliliweka sanduku sakafuni. Akaketi kwenye benchi la ukutani, akalia waziwazi, wanafunzi wakipita na ala zao wakijifanya hawaoni. Kisha akajipangusa macho, akasema, "Alhamisi, saa kumi. Usichelewe."