Nyumba ya Mkate, Nyumba ya Nyama

Kila asubuhi Rihab, mke wa muuza nyama, humtazama mwoka mikate wa jirani kwa kijicho. Mwanamke yule nyusi zimejaa unga, na kila donge hulipiga makofi mawili kama anayemwamsha mtoto. Mayar, binti wa Rihab, habanduki mlangoni pa mwoka huyo.

"Bethlehemu, mji wetu huu, maana yake nini, kipenzi?" mwoka mikate akamuuliza asubuhi moja.

"Nyumba ya mkate, shangazi!"

"Hiyo ni lugha ya kale," Rihab akadakia kutoka dukani kwao. "Kwa Kiarabu chetu, Bet Lahm ni nyumba ya nyama!"

Mwoka mikate akacheka kwa sauti yake ya mkwaruzo, akamega mkate wa moto, akaupuliza. "Mpelekee mama nusu, atie nyama yake ndani."

Rihab akala amenuna.

"Mtamu, mama?" Mayar akauliza, macho yakimng'aa.

Ikabidi akubali.