Saa Isiyoitikia Shikamoo

Juzi, kwenye shamba moja la miwa huku Ruaha, nilimkuta fundi akifunga saa ya kugonga kadi za mahudhurio mlangoni mwa ofisi. Nyapara mzee, aliyezoea kuita majina ya wakata miwa kila asubuhi, alisimama kando, kofia mkononi.

"Mwenye homa mimi namjua kwa shikamoo yake," alisema. "Hii itamjuaje?"

"Haihitaji shikamoo, mzee," fundi akajibu. "Inataka kadi tu."

Meneja akacheka kwenye dirisha la ofisi. Fundi akamnyooshea kadi kwa adabu. "Na yako hii hapa, ndugu meneja."

Dirisha likafungwa taratibu.

Garini mwa fundi niliona sanduku jingine la mashine, halijafunguliwa. Mimi mwandishi wa habari, ninayeishi kwa kuuliza watu maswali, sikuthubutu kuuliza limeletwa kuchukua kazi ya nani.