Yai la Chokoleti Chini ya Kuku

Kwaresima ikikaribia kwisha, supamaketi za Kasese hupanga mayai ya chokoleti karibu na mlango, yamevikwa karatasi za rangi. Wanangu hujichagulia wenyewe. Mimi hulipa tu, na sijawahi kuwaambia kwamba kwetu yai la Pasaka lilikuwa na kifaranga ndani.

Baba alitoka Kenya kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji hapa Kasese. Mama ni Mkonzo wa Bwera, karibu na mpaka wa Congo, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Pasaka ilikuwa ya upande wa mama. Kila Ijumaa Kuu mama alitupeleka kwa Bibi, mimi na mdogo wangu wa kike, na kabla hatujamaliza kusalimia watu tulikuwa tumeshakimbilia jikoni. Pembeni, ndani ya kikapu kilichotandikwa majani makavu ya migomba, kuku alikuwa ameatamia. Bibi alimwekea mayai katikati ya Kwaresima ili yaanguliwe Pasaka. Yai langu alilichora mstari kwa mkaa, la mdogo wangu msalaba. Kifaranga kikitoka, ni chako. Kinabaki Bwera kikue, na Krismasi unakikuta kimekuwa kuku mzima anayekukimbia kama mgeni.

Mwaka mmoja mama mdogo, aliyekuwa akiuza vitenge ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, alirudi kutoka Congo Jumamosi jioni na mayai mawili ya chokoleti. Hatukuwa tumewahi kuona kitu cha namna hiyo.

"Bazungu beko nakula hii siku ya Pasaka," alisema, akampa kila mmoja lake.

Langu nililila palepale nimesimama, vipande vya karatasi vikinasa kwenye meno, nikashangaa kukuta ndani mtupu. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka sita hivi, alilishika lake kwa mikono miwili, akaliweka sikioni, kisha akatoka nje. Nilidhani amekwenda kulila kwa siri ili asinigawie.

Jumapili asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, tulimsikia Bibi akiita kutoka jikoni.

"Kujeni muone. Kuku iko na ugonjwa."

Alikuwa amemnyanyua kuku kutoka kikapuni. Manyoya ya tumboni yalikuwa yameshikana kwa kitu cha rangi ya kahawia, na mayai yote yamepakwa hivyohivyo. Katikati yake kulikuwa na karatasi ya dhahabu iliyokunjamana. Mama mdogo aliinama, akanusa, akaketi chini akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mdogo wangu alisimama mlangoni na gauni lake la Pasaka. Yeye hakucheka.

"Kifaranga changu kimekufa," alisema.

"Kifaranga gani?" mama akauliza.

"Cha ndani ya ile ya mama mdogo. Niliiweka ipate joto."

Kicheko kikakatika. Mama alitaka kumweleza, lakini Bibi alimzuia kwa mkono. Aliagiza maji ya vuguvugu na kitambaa, akakaa kwenye kigoda, akafuta yai moja baada ya jingine kama anayemnawisha mtoto mchanga uso. Lile la msalaba alilifuta pembeni tu, mkaa usitoke.

"Mutoto, kuja. Sikiliza."

Akamwekea yai sikioni. Macho yalimtoka mdogo wangu.

"Inaongea," alinong'ona.

"Hii ndiyo yako. Ile nyingine haikuwa na mutu ndani." Bibi akalamba kidole chake, akafikiri kidogo. "Lakini iko tamu."

Tulichelewa misa, tukasimama nyuma kabisa. Tuliporudi, yai la msalaba lilikuwa limepasuka na kifaranga kimelala kando ya ganda, kimelowa. Mchana kilikauka, kikawa cha manjano, bado kinanukia chokoleti. Mdogo wangu alikula wali na nyama ya mbuzi palepale karibu na kikapu.

Jumatatu mama alipofunga mizigo, mdogo wangu alikataa kuondoka. Mama alikuwa anataka kumkemea, Bibi akasema, "Muache amalize likizo hapa. Na mimi niko peke yangu."

Likizo ilipoisha aliomba abaki tena, na Bibi akamtafutia shule ya karibu. Alisoma Bwera mpaka alipomaliza shule ya msingi. Leo anazungumza Kikonzo kama alivyozungumza Bibi, Mungu amrehemu. Changu mimi ni cha kubabaisha. Akinipigia simu huanza kwa Kikonzo, akinihurumia anahamia Kiswahili.

Jumatatu ile tulipofika Kasese, baba alitupokea mlangoni, akatazama nyuma yetu, akauliza mtoto mwingine yuko wapi. Mama alijibu kwamba amebaki na kuku. Baba alicheka, kisha akaingia ndani. Kitanda tulikuwa tunalala wawili, mimi na mdogo wangu. Nilipanda nikalala upande wangu wa ukutani, kama kawaida, nikamwachia nafasi yake.