Mguu wa Kashinje

Nilipokuwa mtoto, kila asubuhi ya mnada dada yangu Kashinje alifungiwa ndani mpaka baba apotee machoni na ng'ombe wake. Kwetu Usukumani mtoto aliyezaliwa akitanguliza miguu huitwa Kashinje, na watu wa kijijini wakaongeza yao: huyu ana mguu mzito, ukikutana naye asubuhi, safari imekufa. Mimi niliambiwa nina mkono mwepesi. Mbegu ya kwanza shambani niliifukia mimi, na mvua ikinyesha nilisifiwa, kana kwamba niliileta kwa kikapu.

Siku moja ya mnada ndama alikata kamba. Kashinje akachomoka kumkimbilia, akakutana na baba uso kwa uso mlangoni mwa zizi, anatoka na maksai wake mkubwa.

"Shikamoo, baba."

Baba hakuitika. Alimrudisha maksai zizini, akakaa kwenye kigoda mpaka jua likawa kali. Kabla ya mnada uliofuata, yule maksai alivimba tumbo akafa.

"Mmeuona mguu huo?" baba akasema.

Bibi, mama yake baba, alikuwa akipepeta mtama. "Mimi nimeona miguu yako iliyorudi," alisema. "Ungekwenda, maksai angefia kwa mwingine."

Baba hakutaka kusikia. Kashinje akapelekwa Nkome, kando ya ziwa, kwa shangazi, kuanika dagaa. Mama alilia jikoni, akasingizia moshi.

Mimi nimezeeka, hasira ile haijazeeka. Ni asubuhi ngapi baba alikutana naye akienda shambani, na pamba ikazaa? Hizo hakuna aliyezikumbuka.

Kule ziwani nako, jioni moja wavuvi walimpita amesimama ufukweni, wakarudi alfajiri mitumbwi imejaa. Basi, Kashinje akawa mguu mwepesi. Hata akiwa na homa aliitwa asimame majini, watu wampite. Mguu ni uleule.

Sifa zikamfikia baba. Akafunga safari, nami nikafuatana naye. Tulimkuta dada akigeuza dagaa juani.

"Shikamoo, baba."

Safari hii aliitika upesi. "Marahaba, mwanangu. Funga mzigo twende nyumbani, mnada umekaribia."

Kashinje hakuinua kichwa. "Umenifuata mimi, baba, au umefuata mguu?"

Tulirudi wawili, kama tulivyokwenda.

Sasa mjukuu wangu ana mgahawa Nyasubi, na simu yake inamweleza tabia za watu kwa mafungu: hawa wakali, hawa wapole, hawa hawapatani na wale. Juzi alimkataa binti aliyekuja kuomba kazi, kwa kuwa alipoingia tu umeme ulikatika.

"Ana kisirani, bibi. Halafu mkimya. Watu wa aina hiyo nawajua."

"Anaitwa nani?"

Hakujua. Nimemwambia amtafute, amuulize jina, ampe sufuria aone anavyopika. Anasema atafikiria. Hata baba yangu, pale kwenye kigoda, alikuwa akifikiria.

Kashinje tulimzika kulekule Nkome. Msibani wavuvi walinisimulia bahati yake mpaka nikachoka. Nikawauliza alipenda kula nini.

Nikawaambia mimi. Alipenda maziwa ya mgando, na alipocheka aliziba mdomo kwa kanga.