Kinyama Changu Chapita Kariakoo

Niliondoka nyumbani Mchafukoge kwa sababu kipande cha titi langu kilitakiwa maabara, na tarishi wa kukipeleka nilikuwa mimi mwenyewe. Hospitali walikuwa wamekigandisha kwenye nta, wakakitia kwenye bahasha, wakanikabidhi kama barua ya shule. Kansa yangu ilitakiwa ipimwe kama ina vipokezi vya homoni. Ikiwa navyo, ningetibiwa kwa upasuaji na vidonge vya miaka, na huenda ningeepuka dripu za dawa kali za kansa nikabaki na nywele zangu. Ikikosa, vidonge ni kazi bure. Nauza chaja, kwa hiyo nilielewa upesi: pasipo na tundu, chaja nzuri ni waya tu. Kuelewa nilielewa, ila nilivitaka vidonge.

Saa mbili asubuhi, ngazini, jirani yangu Mama Nisha alinipa kumi katika vyake. Naye aliugua kansa ya titi; anavimeza mwaka wa nne sasa na anapanda ghorofa tatu bila kuhema.

"Chukua, dada Zuhura. Mimi vimenisaidia, wewe kwa nini visikusaidie?"

Nilimeza kimoja palepale.

Kariakoo ilikuwa imeshafurika. Mchukuzi wa mkokoteni alinipigia kelele nipishe, ana mzigo.

"Na mimi nina wangu," nilimwambia. "Titi langu, limo mkobani."

"Basi libane, mama. Hapa wanaiba hata kiatu cha upande mmoja."

Alidhani natania. Nilibana mkoba kwapani.

Saa nne nilifika maabara. Binti wa mapokezi aliniamkia, akauliza mgonjwa yuko wapi.

"Nusu yumo kwenye bahasha, nusu anaongea na wewe."

Alicheka, akaomba radhi. Nilimwambia acheke tu, woga nilikuwa nao wa kututosha wote.

Wiki tatu baadaye nilirudi kwa daktari. Vipokezi vya estrojeni, hakuna. Vya projesteroni, hakuna. HER2, ile protini nyingine wanayoitafuta, nayo hakuna.

"Vidonge havina pa kushika, mama. Aina hii ina haraka, na sisi tuwe na haraka. Dripu tunaanza wiki ijayo."

"Na nywele?"

"Zitatoka, kisha zitaota."

Nilirudi kwa miguu, nikiwa na hasira na kila mwenye nywele Kariakoo, hata mawigi yaliyoning'inia madukani. Nilikuwa nimejifunza kwamba kansa ya titi ni jina moja la magonjwa kadhaa, na dawa haifuati ujirani.

Mama Nisha alipofungua mlango nilimrudishia vidonge vyake.

"Hapa vipo tisa."

"Kimoja nilikimeza siku ile ile."

"Kabla ya majibu? Kwa nini, dada?"

"Nilitaka niwe na kansa yako."

Alinivuta ndani, akanikalisha, akaenda kutafuta mkasi. Nilimwambia azikate nywele vizuri, maana wiki nzima kabla ya dripu nitakuwa dukani.